Nilivyompiga Wifi Picha Kama Mjusi

Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, na mtu anayeshinda akinyoosha kola za watu hana kubwa la kujivunia akirudi nyumbani. Ndiyo maana nilipojaliwa simu yenye kamera nzuri nilijiona nimezaliwa upya. Nikatoka nayo uani, nyuma ya tangi la maji, ambako mijusi huota jua juu ya matofali yaliyobaki tulipojenga choo.

Dume lao alikuwa na kichwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Nilimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikalia tofali la juu na kutikisa kichwa kwa kila jambo. Siku za mwanzo nilimwendea wima, na mguu wangu ukitua hata vyombo vinajua, nikaambulia picha za matofali matupu. Moja tu ilikuwa na mkia. Niliwaonyesha wenzangu kazini mkia huo kama mtu aliyeua simba.

Baadaye nikang'amua kwamba mjusi haendewi, huviziwa. Nikawa nalala kifudifudi juu ya gunia, pumzi nimeibana, nasogea kwa viwiko. Mume wangu alipita akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia nasubiri mwanga. Akasema mbona umeme upo, akaingia ndani.

Picha zikaanza kutoka vizuri, nami nikavimba kichwa. Kila aliyekaa karibu nami alionyeshwa mijusi, apende asipende. Lakini maneno yana mabawa. Yalipomfikia wifi, dada wa mume wangu, mijusi walishaachwa njiani, ikabaki habari kwamba mimi ni mpiga picha hodari. Naye alikuwa anafungua saluni. Akaja mwenyewe kuniomba nimpigie picha za ufunguzi, apate za kutundika ukutani. Mwenye akili zake angekataa. Mimi nilimuuliza atavaa rangi gani.

Siku ya shughuli niliingia nimevaa kofia, maana wapiga picha niliowahi kuwaona walivaa kofia. Wageni walijaa. Wifi alisimama katikati ya vioo na gauni lake la zambarau, mkasi mkononi, tayari kukata utepe. Nikamwelekezea simu. Sikuwa nimewahi kumpiga picha kiumbe anayenisubiri. Nikafanya ninachokijua: nikalala kifudifudi.

Wageni wakanipisha njia. Nikasogea kwa viwiko juu ya vigae vipya. Wifi akarudi nyuma, nami nikamfuata.

"Wifi, umepatwa na nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tulia hivyo hivyo," nikamwambia. "Mkishtuka huwa mnakimbia."

Tulipozitazama picha, wifi alikuwa matundu mawili ya pua, kidevu, na taa ya dari imemkaa utosini. Wageni walikuwa viatu. Alizipitia zote, akanirudishia simu, akasema kwa upole kwamba atatafuta mtu wa kupiga picha za watu. Natamani angenitukana.

Aliyeniokoa kidogo ni mama mkwe. Magoti yalikuwa yanamsumbua, akawa amejikalia mlangoni penye jua, kidevu juu, macho nusu yamefumba. Nilimpiga kabla sijainuka sakafuni, kwa mazoea tu, na yeye hakuwa na habari. Alipoiona akaniomba nimsafishie.

"Hii naitaka," alisema. "Hapa hakuna aliyeniambia nicheke."

Sasa imetundikwa sebuleni kwake, juu ya redio. Wageni huisifu na kumuuliza nani kampiga. Nilikuwapo siku moja alipoulizwa, nikaweka sawa mabega nisubiri sifa zangu.

"Ni huyu mke wa mwanangu," akawajibu. "Anajua kazi. Ila kwenye shughuli msimwite."