Kiwanda Kilichosomewa Hitima

Kabla sijaajiriwa nilikuwa nimetoka nje ya wilaya mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilipelekwa hospitali. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikifika Ikwiriri tu naanza kupiga simu kuulizia habari za Kibiti kama mtu aliyeko Uarabuni, na siwezi kubisha, maana simu yenyewe huwa nampigia yeye. Kwa hiyo kiwanda cha kubangua korosho kilipofunguliwa mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, nilipeleka cheti changu cha kidato cha nne siku ileile, kabla wino wa tangazo haujakauka. Nikawa karani. Naandika mahudhurio, barua na matangazo, mchana nakwenda kula kwangu, narudi. Nikaona sina cha kumwomba Mungu zaidi.

Shida ilikuwa moja. Watu hawakukitaka kile kiwanda. Asubuhi ukiingia kwenye ukumbi wa kubangulia, nusu ya madawati yako wazi, mashine za mkono zimesimama kama kuku waliofungiwa. Mji umejaa watu wanaolalamika hawana kazi, lakini ukiwatajia korosho wanakuuliza mama yako hajambo.

Mwenye kiwanda alikuwa anaishi Dar es Salaam. Akaleta neno kupitia kwa meneja: korosho mpya zikianza kuingia, mwezi wa kumi, madawati yawe yamejaa, na yabaki yamejaa mwaka mzima. La sivyo, mashine zinapakiwa kwenye malori, zinahamia mjini kwake. Meneja aliniita ofisini kunieleza, akaniambia mimi nisiwe na wasiwasi, nitafuatana na mashine, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Alidhani ananipa habari njema. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikashindwa kumaliza ugali. Mke wangu akanitazama, akasema kama Dar es Salaam ni mbali hivyo, basi wote wanaokwenda asubuhi na kurudi jioni lazima ni malaika.

Meneja alikuwa mtu wa kaskazini, mpole, aliyesomea mambo ya utumishi. Alisema kinachotupungukia ni jina. Kampuni yenye jina zuri, watu huikimbilia wenyewe. Alinionyesha kwenye kompyuta picha za kampuni za mbali ambazo wafanyakazi wake walikuwa wanacheka wote kwa pamoja wakitazama karatasi moja. Nasi tukampiga picha mbanguaji wetu mmoja akicheka na korosho mkononi. Ilitubidi kurudia sana, kwa sababu kila tukiwa tayari alikuwa anauliza anacheka nini. Picha ikawekwa kwenye bango kubwa pale stendi. Abiria wa mabasi ya Lindi walilipenda, lilikuwa na kivuli kizuri.

Bango lisipoleta mtu hata mmoja, meneja akasema tufanye siku ya kuwakaribisha wananchi waje waone kazi na kujiandikisha. Wazo la chakula lilikuwa langu, nalisema kwa aibu. Nikasema watu wa huku ukiwaita bure hawaji, tupike pilau. Na ili tuanze na baraka, tumwombe shehe asome kidogo. Meneja akafurahi. Nikaenda kuazima mikeka ya msikitini na masufuria makubwa ya mtaa, nikawaita wale akina mama wanaojua kupikia watu wengi, nikapanga iwe Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Nikamshauri meneja avae kanzu na kofia, asimame getini, ampokee kila mtu kwa mkono. Mwaliko niliupeleka kwa mdomo, mpaka Nyamwage: Alhamisi karibuni kiwandani, kuna kisomo na chakula.

Ninyi mnaosoma mmeshaona. Mimi sikuona. Mtu mwingine yeyote aliyezaliwa huku angeona, lakini mimi misiba na hitima zote huwa nahudhuria kwa kuwakilishwa na mke wangu, mwenyewe nabaki kulinda nyumba.

Watu walikuja wengi ajabu. Walimshika meneja mkono kwa mikono miwili, wakainamisha vichwa, wakapita kimya. Alininong'oneza kwamba hajawahi kuona wananchi wenye adabu namna hii. Wanaume wakakaa mkekani, wanawake nyuma ya bohari. Shehe akasoma. Wakaitikia vizuri, pilau ikaliwa, wakanawa mikono, na kabla sijafungua daftari la kuandikia majina, ua wote ulikuwa mtupu. Hakuna aliyeangalia mashine. Mzee mmoja aliyebaki kutafuta kiatu chake aliniuliza kwa upole aliyefariki ni nani, na kama ameacha watoto.

Kesho yake mji mzima ulikuwa unajua kwamba kiwanda kimeua mtu, na wakubwa wamemsomea kimyakimya ili yaishe. Wengine walisema ni tanuri la kukaushia limemchoma, wengine walikuwa hadi na kijiji cha marehemu: wa Ngorongo, kazikwa hukohuko. Wabanguaji tuliokuwa nao wakaanza kupungua. Mmoja alituma ujumbe kwamba amekatazwa na mama yake, na mwenyewe ana wajukuu.

Meneja alikaa ofisini na kanzu yake kwenye kiti cha pili. Mimi nilianza kujifunza kupenda Dar es Salaam. Nilijiambia kuna watu wanaishi kule na wanazeeka vizuri tu. Sikufanikiwa.

Siku ya nne baada ya hitima yetu, asubuhi, gari la meneja likashindwa kuingia. Getini alikuwa amelala mwanamke, chali, kanga mbili kiunoni, na wenzake wawili wamekaa pembeni yake wanalia kwa zamu. Nilimjua mara moja. Alikuwa mbanguaji wetu bora kuliko wote, mama wa Kimatumbi, mtu mzima, ambaye korosho mikononi mwake zilikuwa zinatoka nzima kama mayai. Mpunga ulipoiva mwaka uliotangulia alikwenda bondeni kuamia ndege, kama familia nyingi zinavyofanya huku: mnahamia shambani, mnakaa juu ya dungu, kibanda cha miti juu ya nguzo, mnawafukuza ndege alfajiri mpaka jioni mpaka mpunga uvunwe. Aliporudi alikuta barua ya kufukuzwa kazi kwa utoro. Barua ile niliiandika mimi. Ilikuwa na mwandiko mzuri sana.

Sasa kwetu, Wamatumbi ni watani wetu, na mtani msibani ana haki zake. Anaweza kuzuia jeneza, akalala kaburini, akamsema marehemu kwa yale yote ambayo ndugu hawathubutu kuyasema, na anayekasirika ndiye anayeonekana mjinga. Lakini meneja hakuwa wa huku. Alishuka garini akataka kumwita mlinzi.

"Anafanya nini huyu mama?"

Nikamwambia amekuja msibani, ni mtani, tusimguse.

"Msiba wa nani? Nani kafa?"

"Sisi, bosi."

Yule mama hakufungua macho. Alianza kusema kwa sauti ya matanga, na watu waliokuwa wanapita kwenda sokoni wakasimama.

"Marehemu tumemjua," alisema. "Alikuwa na ukuta mrefu na huruma fupi. Alikuwa anaitaka mikono yetu, miguu hakuitaka. Mikono ibaki mezani kwake, miguu isijue njia ya shamba." Wenzake wakalia kidogo, wakanyamaza kumpisha. "Mafuta ya maganda yalituunguza vidole, tukaomba glavu, akatupa zilizotoboka, akasema zinapitisha hewa. Nilimwambia ndege wamekuja kwenye mpunga. Akasema leta cheti. Nimletee cheti cha ndege? Aandike nani, kwale?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, halafu nikakumbuka aliyedai cheti ni nani. Yule mama akafumbua jicho moja, akaniona.

"Na huyu," akasema, "ndiye aliyekuwa anamwandikia marehemu barua. Mtani, ulitumwa au ulijituma?"

"Nilitumwa."

"Ukatumika vizuri. Mjukuu wangu alinisomea mara mbili, ya pili nilimwambia asome polepole, maana palikuwa na maneno matamu."

Nilimtafsiria meneja yote, ingawa alikuwa anasikia Kiswahili kama mimi. Nilichomtafsiria ni utani wenyewe: kwamba huyu hatutukani, kwamba hakuna mtu mwingine katika mji huu ambaye angekuja kutuambia haya mbele yetu, wengine wote wanaambiana wao kwa wao, na ndiyo maana madawati yako wazi. Nilisema kwa kirefu. Nadhani sijawahi kusema kwa kirefu hivyo nikiwa nje ya nyumba yangu.

Meneja alisimama pale, funguo mkononi. Namshukuru mpaka leo kwa alichokifanya, kwa sababu wakubwa wengi wangepanda gari wakapiga honi. Alikunja suruali yake nzuri, akachuchumaa kwenye vumbi karibu na kichwa cha yule mama, akauliza:

"Mama, marehemu angefanyaje ili asife?"

Yule mama akakaa kitako, akajikung'uta kanga, sauti ya matanga ikaisha palepale. Akasema jambo lenyewe ni jepesi. Dawati moja liandikwe watu wawili wa nyumba moja. Yeye na binti wa dada yake. Yeye akienda dunguni, binti anakaa. Binti akijifungua, yeye anakaa. Watapangana wenyewe, wanajuana, kampuni isiulize nani kaenda wapi, iulize tu kama dawati lina mtu. Na asubuhi kabla ya kazi mafuta ya nyonyo yawekwe mlangoni, watu wapake mikono, maganda yasiwaunguze. Na glavu zisiwe na hewa.

Meneja akauliza kama dawati litakuwa na mtu siku zote, hata mpunga ukiiva. Akajibiwa kwamba ndege hawawezi kuwaita watu wote wa nyumba, mmoja lazima abaki kupika.

Akampigia simu mwenye kiwanda palepale, akienda mbele na kurudi nyuma ya bohari. Ilichukua muda. Aliporudi alisema tumepewa mpaka mpunga unaofuata. Ukiiva na madawati yakabaki wazi, malori yanakuja.

Mimi nikakaa kuandika tangazo jipya. Nilikuwa nimeanza na "kampuni yenye mazingira rafiki", yule mama akaniambia nimsomee kwa sauti. Aliuliza mazingira ni nani na ni rafiki wa nani. Nikafuta. Kila nilichoandika akakiuliza hivyohivyo, mpaka tangazo likabaki na mistari minne inayosema dawati moja watu wawili, ukienda shamba hufukuzwi, glavu nzima, mafuta mlangoni. Ni maandishi mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika, na nusu yake si yangu.

Hata hilo hatukulibandika sana. Alilichukua mdomoni yeye na wale wenzake wawili. Walipita misibani, harusini, visimani, wakisema marehemu wa korosho amerudi, ameonyeshwa ya huko alikokwenda, ameacha ubahili. Watu wakaanza kuja wakicheka tayari, wawiliwawili, mama na binti, mke na wifi, mpaka kaka na dada kutoka Kiongoroni waliopanda boti siku nzima wakafikia kwa shangazi yao hapa mjini. Wengine walikuja kumtazama tu huyo marehemu, wakakaa. Korosho mpya zilipoingia hapakuwa na dawati wazi. Picha ya stendi tuliishusha, meneja mwenyewe aliikunja.

Lakini mtihani ulikuwa mpunga. Mwezi wa tano mwenye kiwanda alikuja bila taarifa, asubuhi, akaingia ukumbini moja kwa moja. Nilikuwa mlangoni na daftari. Mama wa Kimatumbi hakuwepo, alikuwa bondeni wiki ya pili. Kwenye dawati lake alikuwa amekaa binti wa dada yake, korosho zinatoka nzima. La pili lina mtu. La tatu lina mtu. Mwenye kiwanda alitembea mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, akapaka mafuta ya nyonyo mikononi, sijui kwa nini, akaniuliza hawa wote tunawapatia wapi. Nikamwambia wanapatana wenyewe. Akatikisa kichwa, akaenda zake na malori hayakuja.

Nilikimbia nyumbani kumweleza mke wangu kwamba hatuhami. Alikuwa anachambua mchele barazani. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema alhamdulillahi, na alikuwa anamaanisha, niliona. Halafu akauliza kama utaratibu huu wa dawati watu wawili ni wa wabanguaji tu au wa kila mfanyakazi. Nikasema kwa fahari ni wa kila mfanyakazi, hata mimi nimeandikwa pamoja na meneja mwenyewe, ndiye atakayeshika kalamu yangu nisipokuwepo.

"Basi vizuri," akasema. "Mpunga wetu nao umeanza kuiva. Miaka yote hii dunguni nakwenda na dada yako kwa sababu wewe una kazi."

Ninaandika haya nikiwa juu ya dungu, siku ya tisa. Ndege ni wengi kuliko nilivyodhani na hawaniogopi. Dungu la pili kutoka kwangu ni la yule mama. Kila asubuhi ananiuliza kwa sauti, bonde zima lisikie, kama nimeshazoea ughaibuni. Namjibu bado. Kisha ananiletea chai.