Injini Mpya ya Kupandia Shukeni

Mzee Evarist wa Katindiuka, pale Ifakara, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: usimguse Landrova yake. Ungeweza kumwambia mpunga wake umeliwa na ndege, akacheka. Ungeweza kumwambia alikoroma kanisani mpaka padri akapoteza mstari, akacheka pia. Lakini ukitamka tu kwamba gari lile limechoka, alikukazia macho ungedhani umemtukania mama.

Ilikuwa Landrova ndefu ya Kiingereza, rangi ya majani makavu, aliyoiendesha tangu ujanani akiwa dereva wa mapadri, nao wakamwachia alipostaafu. Iliuvuka mto Kilombero mara zisizo na idadi enzi za pantoni pale Kivukoni, siku ambazo watu walingoja zamu yao wakila perege wa kukaanga hadi mikono ikanuka mpaka kesho yake. Siku hizi daraja lipo. Unavuka kabla hata hamu ya perege haijakushika.

Njia ya kwenda kwao Balbina, mke wa Evarist, ilipita Lupiro, ikapanda milima ya Mahenge, kisha ikaiacha barabara ya mabasi na kuingia vijijini. Huko kulikuwa na mpando mmoja mkali unaoitwa Shukeni. Jina walilipa madereva wenyewe. Gari likifika chini ya mpando, dereva alitoa kichwa dirishani akasema, "Haya, shukeni!" Abiria wote wakashuka na kupanda kwa miguu, gari likapanda tupu na kuwangoja juu. Hakuna aliyenung'unika. Wanawake walipanda wakiimba nyimbo za kanisani, na nyingine ambazo padri hakupaswa kuzisikia. Vijana walipata sababu ya kuwabebea wasichana mizigo. Ndoa nyingi tu za bonde hili zilianzia kwenye mpando ule.

Balbina naye alishuka, kila safari. Evarist hakumbakiza garini hata siku moja, hata alipokuwa na mimba ya Edna, mtoto wao wa kwanza. Aliona dereva anayepanda na mkewe huku mama za watu wanatembea atasemwa bonde zima, tena kwa haki. Balbina alimtania kwa hilo miaka yote. "Baba Edna bwana! Yeye na gari lake wanapanda, mke atajijua." Watu walicheka. Balbina mwenyewe alicheka, ila si kila mara.

Wakazeeka wote watatu, mume, mke na gari. Injini ikaanza kula oili, ikawa hata gari likiwa tupu inapanda kwa taabu. Magoti ya Balbina nayo yakagoma. Safari yao ya mwisho, Balbina alifika katikati ya Shukeni, akakaa chini kwenye majani, akasema hawezi tena. Evarist alirudi kumchukua. Gari likajaribu kuondoka na watu wawili tu, likazimika, likakataa katakata. Wakarudi Ifakara bila kumwona Natalia, dada yake Balbina, ndugu pekee wa tumbo moja aliyembakia.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, ikaja simu. Natalia yuko kitandani, hali chakula, anamtaja mdogo wake. Balbina hakulia. Alikaa jikoni akachambua mchele uliokwisha chambuliwa.

"Mimi sitafika," alisema. "Bodaboda kule zinaangusha wenye nguvu zao, sembuse mimi. Mwambieni dada nimemsikia."

Evarist alitoka nje. Asubuhi yake alikuwa Kibaoni, gerejini kwa Dionisi, fundi ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimshauri abadili injini, na kila mara akifukuzwa kama kuku aliyeingia sebuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile injini ya Landikruza iliyopinduka, bado unayo?"

Dionisi akaweka spana chini. "Ya silinda sita? Ipo. Ila ni kubwa, mzee, haitakaa hivihivi. Itabidi nikate, nichomelee vishikio vipya, radieta isogee mbele. Hii ya zamani ndiyo basi tena, hairudi."

"Kata."

"Mzee, si wewe uliyeniambia ya kale ni dhahabu?"

"Nilisema. Sasa mke wangu anataka kumwona dada yake. Kata."

Hata hivyo, siku injini ya zamani ilipoinuliwa kwa mnyororo, Evarist hakuweza kutazama. Alikwenda kusimama barabarani akijifanya anatafuta bodaboda. Iliuma, na asiyewahi kupenda chombo asimcheke. Sauti ile watu wa Lupiro waliijua kabla gari halijaonekana. Kuna akina mama waliobandika sufuria ya wageni kwa kuisikia tu. Hii mpya ilinguruma kwa sauti nene ya gari lolote. Siku aliyorudi nayo nyumbani, mbwa wake mwenyewe alimbwekea.

"Haya, na wewe umekuwa mgeni," Balbina alisema, lakini alikuwa ameshaufunga mchele kwenye mfuko, tayari kwa safari.

Kwenda kumwona mgonjwa si jambo la mtu mmoja. Waliondoka na Levina na Stumai, majirani zao wa miaka mingi, na wanawake wengine kadhaa, kila mmoja na mchele wake au kuku wake. Balbina alikaa mbele. Gari lilivuta vizuri ajabu. Baada ya Lupiro milima ilianza, nalo halikubadilisha hata pumzi. Evarist alifurahi, kisha akaona haya kufurahi.

Walipofika chini ya Shukeni, mguu wake ukakanyaga breki wenyewe. Gari lilikuwa halijatulia sawasawa, mlango wa nyuma ukafunguliwa, na wanawake wakashuka mmoja mmoja, wakakaza kanga zao, Levina akaanzisha wimbo.

Evarist akatoa kichwa dirishani. "Nyie, mnakwenda wapi? Leo hakuna kushuka! Si injini mpya hii?"

"Mbona umesimama, basi?" Levina alimjibu bila kugeuka. "Panda, baba, tutakukuta juu!"

Mazoea yana tabu. Aliwaita tena, wakamjibu kwa kiitikio. Alipogeuka ndani, alimkuta Balbina ameshafungua mlango wake. Mguu mmoja ulikuwa nje, goti likitetemeka.

"Kaa," Evarist alimwambia.

"Baba Edna, wenzangu wanatembea."

"Nawaona. Kaa."

"Watakusema."

"Waseme." Akajinyoosha mbele yake, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. "Nilichelewa kusemwa."

Gari likapanda. Lilipanda polepole, bila kelele nyingi, likawapita waimbaji, likapita mahali pale Balbina alipokaa chini mwaka ule, likafika juu. Evarist akazima injini. Chini kabisa bonde lilitandaza mashamba yake ya mpunga, na mto uking'aa katikati. Upepo ulikuwa mkali, na zaidi yake palikuwa kimya. Wimbo ulisikika kwa mbali sana, unapotea kwenye kona, unarudi.

Balbina alikaa akisikiliza.

"Kumbe huku juu ulikuwa unakaa peke yako," alisema.

Evarist alifuta usukani ambao haukuwa na vumbi. "Nilikuwa nakusikiliza wewe. Katika sauti zote zile, yako nilikuwa naijua. Ukinyamaza, nilikuwa nashuka nije nikuangalie. Ukianza tena, narudi kukaa."

"Hukuwahi kusema."

"Ningesemaje, Mama Edna? Ungecheka mbele za watu."

Hakucheka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akasukuma kioo cha dirisha, akatoa kichwa kwenye upepo, na kwa sauti yake ya kizee, iliyokwaruza, akaitikia wimbo kutoka juu ya mlima. Kule chini wakanyamaza kidogo. Halafu vigelegele vikapanda mpando mzima.

Walipotokea juu wakihema, Evarist hakuwapa hata nafasi ya kukaa.

"Pandeni haraka," aliwaambia. "Dada yake anamngoja."