Mwalimu Esdras na Muuaji wa Kalunguta

Vita vilipofunga tena shule ya Mususa, mwalimu Esdras alibaki bila wanafunzi wa kuwachosha kwa tarehe za historia, akaamua kujichosha mwenyewe. Aliazima kwenye maktaba ya parokia kitabu kinene cha Kifaransa chenye kisa cha kweli: mfanyabiashara Mgiriki aliyeuawa dukani kwake Beni, mwaka 1934. Mwandishi alikuwa amechimbua mafaili ya mahakama, akayafuma na habari za kahawa, kodi na barabara, hata usijue kama unasoma juu ya maiti au juu ya nchi.

Kavugho, mkewe, alimwachia maharage jikoni ayaangalie. Yaliungua huku yeye, kitabuni, akisaidiana na hakimu kuhoji mashahidi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mwaka ule watu walikuwa wakiuawa kwenye barabara ya Beni, wanazikwa, na kilio kikiisha hakuna anayeuliza aliyewaua ni nani. Na hapa kitabuni maiti mmoja alikuwa amepewa kurasa mia tatu. Esdras alisoma kama anayekula mbele ya wenye njaa, kwa aibu na kwa haraka.

Kufikia katikati ya kitabu alikuwa amekwisha kumjua muuaji: Kambale, mrina asali wa Kalunguta, aliyeonekana karibu na duka siku ile, kisha akatoroka. Esdras alimpigia mstari kwa penseli, akajisifu kwamba nchi ilipoteza mpelelezi hodari siku alipochagua ualimu.

Siku chache baadaye ilifika familia ya Jean-de-Dieu, mchumba wa binti yake Rébecca, pamoja na mbuzi wa mahari. Walitoka Kalunguta kwa miguu, wakipita mashambani ili kukwepa vizuizi vya wanajeshi. Vita vilikuwa vimeshaiahirisha siku hiyo mara mbili, na Rébecca hakuwa na hakika kama wangethubutu njia ile tena.

Msemaji wao alikuwa mzee Muyisa, baba mdogo wa kijana.

"Papa Rébecca, tumekuja," alisema. "Jean-de-Dieu ni mujukuu wa Kambale, mutu wa nyuki. Kalunguta yote ilimujua."

Esdras akalikumbuka jina alilolipigia mstari. Badala ya kuwakaribisha kwa maneno ya desturi, aliweka chini kikombe chake cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, akakohoa kama hakimu.

"Huyo Kambale, mwaka wa trente-quatre alikuwa wapi?" aliuliza, kana kwamba 1934 ilikuwa jana.

"Kwa mizinga yake."

"Hakufika Beni?"

"Alifikaka, kuuzisha asali. Sababu gani?"

"Kitabu kinasema aliua mutu."

Muyisa alisimama polepole. "Mufungue mbuzi. Tunarudia kwetu."

Rébecca alikuwa mlangoni. Hakulia. Alimtazama baba yake tu, na Esdras akatamani kurudi utotoni.

"Papa Rébecca," Kavugho alisema, "na wewe, babu yako alikuwa naitwa nani?"

Esdras alishusha macho kwenye kikombe chake. Kila mtoto wa pili wa kiume, katika kila nyumba ya Wanande kutoka Lubero hadi Beni, ni Kambale. Darasani alikuwa akiliita jina hilo, linaitika benchi zima. Kitabu kimoja kilitosha kumsahaulisha.

"Kambale," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mizinga?"

"Alikuwa nayo."

Kijana mmoja wa wageni alicheka. Muyisa hakucheka.

"Huyo wa kitabu, balimukamata?"

"Siyafika bado mwisho."

"Donc, basi, unahukumu mutu na kitabu hauyamaliza." Mzee aliketi tena. "Soma. Kiisha tutajua kama tunaenda."

Esdras akasoma, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili mpaka sauti ikamkauka. Wanawake walitoka jikoni. Mmoja alimshuku polisi, mwingine akamshuku mpishi. Mwishowe ikawa kwamba Kambale alikuwa amekimbia kazi ya lazima ya barabara tu. Aliyeua ni mshirika wa Mgiriki, yule aliyelia kwa nguvu kuliko wote mazikoni.

Muyisa alikikazia macho kile kitabu.

"Mutoto yangu Lusenge, balimuuaka ku barabara," Muyisa alisema. "Hapana mutu alikuja kuuliza kitu."

Esdras alikifunga kitabu. "Ilikuwa namna gani, Papa?"

Muyisa akasimulia mahali, saa, nguo alizovaa kijana, na mwalimu hakumkatiza hata mara moja.

Alipomaliza, mzee alijifuta uso. "Sasa kinywa chako, mwalimu. Kwetu, kinywa kikiharibu mahari kinalipa. Mbuzi moja anarudia Kalunguta."

"Wawili," Kavugho alisema.

Esdras alikubali wawili, akaenda mwenyewe kufungua kamba ya mbuzi aliyekonda kuliko wote.

"Hapana huyo, Papa," Rébecca alisema nyuma yake. "Ule mukubwa."