Hewala ya Saida

Katika kijiji cha Ziwani kuna neno moja ambalo limenishinda mimi, mzaliwa wa Njombe, kwa miaka yote niliyofundisha hapa. Neno lenyewe ni hewala. Ukilitafuta kwenye kamusi utaambiwa maana yake ni ndiyo, sawa, nimekubali. Aliyeandika kamusi hajawahi kuishi Ziwani. Hapa mtu akikwambia hewala huenda amekubali kweli, lakini mara nyingi anakuarifu tu kwamba masikio yake yanafanya kazi, na kwamba anakuheshimu mno hata hawezi kukutamkia hapana usoni. Jibu lenyewe litakuja baadaye kupitia kwa mtu mwingine, au halitakuja kabisa. Niliwahi kuwaita wazazi shuleni, wote wakaniitikia hewala kwa tabasamu, nikashinda na viti vitupu mpaka adhuhuri.

Aliyenifundisha kulipima neno hilo ni jirani yangu, Saida Mohamedi. Ni mama aliyevuka hamsini, mrefu, hodari wa jembe, na mdomo anao. Chai yangu anaiita maji ya kusuuzia vikombe, lakini kila jioni anakuja kuinywa. Siku moja nilimuuliza aliolewaje, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, mimi niliolewa kwa bahati mbaya," alisema. "Walikuja wakubwa wakaniuliza, Saida, fulani anakutaka, unasemaje? Nikasema hewala. Hewala ya kusikia, nipate nafasi ya kufikiri. Wao wakaenda kununua mchele."

Hakuwaambia wamekosea, maana mchele ulishanunuliwa. Alikaa na huyo bwana, wakapata mtoto mmoja, Salma. Kisha mume akavuka Ruvuma pale Kilambo kwenda kufanya biashara Msumbiji, akapata huko mke mwingine, na habari zake zikaisha. Nilitegemea kusikia uchungu katika simulizi hiyo. Haukuwepo. Saida alisimulia maisha yake yote namna hiyo, kama mambo yaliyoamuliwa wakati yeye akiwa bado anafikiri.

Kitu kimoja tu alikuwa anakipenda bila kungoja kuulizwa na mtu, nacho ni mikorosho ya mama yake.

Marehemu mama yake, Bi Riziki, alipanda mkorosho kwa kila mtu aliyekuwa wake. Ulikuwepo mkorosho wa Saida, mkorosho wa kaka yake Zuberi ambaye ana duka mjini Chikongola, na hata mikorosho ya watoto wake wawili waliofariki wachanga, ambayo Saida aliipalilia kuliko mingine. Katikati ya shamba, mkubwa kuliko yote, ulikuwepo mkorosho wa mjomba Hemedi, mdogo wake Bi Riziki. Kwa watu hawa mjomba ndiye mwenye kauli. Shamba limetoka upande wa mama, kwa hiyo neno la mwisho ni la ndugu wa kiume wa mama. Na katika ukoo wao mti wenye jina la mtu aliye hai haukatwi ovyo. Kuukata ni kama kumwambia mwenye jina kwamba umemchoka.

Saida akipita chini ya mkorosho ule alikuwa akilipiga shina kofi dogo na kusema, "Shikamoo, mjomba." Kisha anajiitikia mwenyewe kwa sauti nzito, "Marahaba." Wanafunzi wangu walidhani ana wazimu. Mimi nilimwonea wivu.

Mwaka juzi, mikorosho ikiwa katika maua, tawi moja la mkorosho wa mjomba likageuka manjano. Halafu likafuata la pili. Majani yakakauka yakiwa bado juu, yakabaki yananing'inia ya kahawia katikati ya shamba la kijani. Saida alipuliza dawa ya salfa, haikusaidia kitu. Akamwita bwana shamba.

Bwana shamba alikuwa kijana wa Mbeya anayeitwa Goodluck, mwembamba, mwenye haraka, anayeongea akiwa ameshashika funguo za pikipiki. Alichimbua kidogo kwenye mizizi, akakwangua gome, akasimama.

"Mama, huu ni mnyauko," alisema. "Ugonjwa uko ardhini. Huu mti ung'olewe na mizizi yake, na hii inayouzunguka, yote ichomwe hapahapa. Kuni zisitoke shambani, na jembe likigusa hapa lisiguse kwingine. Mkifanya sasa, mtapoteza michache. Mkichelewa, mtapoteza shamba."

Alisema wazi hivyo. Nilikuwepo, nilikuwa nimewasindikiza.

Tulikwenda watatu kwa mjomba Hemedi. Tulimkuta barazani kwake na redio mapajani, akiifunga betri kwa mpira. Saida alipiga goti, akamwamkia, kisha akashindwa kutamka kwamba mkorosho wenye jina lake ukatwe. Goodluck ndiye aliyesema yote. Alieleza vizuri, akarudia mara mbili. Mjomba alisikiliza akiwa ametazama chini. Akaigeuzageuza redio. Kisha akatazama pembeni, akasema taratibu, "Hewala."

"Asante sana, mzee," Goodluck akasema, akainuka, akawasha pikipiki. Aliondoka akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Njiani nilimuuliza Saida shoka litatoka wapi.

"Shoka la nini?" alisema. "Mwalimu, hukuona alivyolitamka? Polepole, macho pembeni. Ile ni hewala ya hapana."

Alimpigia simu Zuberi. Simu za Saida ni za sauti ya juu, kijiji kizima kinashiriki, kwa hiyo namnukuu Zuberi bila aibu yoyote.

"Mjomba kasemaje?"

"Kasema hewala."

"Kasemaje, kwa haraka au polepole?"

"Polepole."

"Aa. Basi tusubiri."

Wakasubiri. Mimi sina damu ya kusubiri. Kwetu mtu akikataa anakataa, mnagombana, mnapatana, kazi inaendelea. Nilimwendea Saida nikamwambia usoni: kata huo mti, mjomba atanuna wiki moja, mwisho wake atakula ugali. Akanishika mkono, akaniangalia kwa upole mkubwa, akasema, "Hewala, Mwalimu." Na mimi mjinga nikarudi nyumbani nimeridhika. Nilikuwa nimeshajaza chai kikombe ndipo nikaelewa nilichojibiwa.

Katika kungoja huko Saida hakukaa bure. Laiti angekaa bure! Aliona aibu mkorosho wa mjomba unakufa katikati ya majani machafu, kama mgonjwa aliyetelekezwa, kwa hiyo akaupalilia vizuri, akausafisha chini, kisha kwa jembe lilelile akaenda kupalilia mikorosho ya wale watoto wachanga. Wapwa zake wakaja kuokota matawi yaliyokauka kwa ajili ya kuni. Nilimkumbusha maneno ya bwana shamba. Akasema yale ni kwa siku mti utakapokatwa, na mti haujakatwa.

Goodluck alipita tena kabla ya mvua. Aliuona mkorosho umesimama, umekauka mpaka kileleni, akabaki ameshika kofia yake.

"Hamjakata?"

"Mjomba bado hajasema," Saida akamjibu.

"Lakini mama, si alisema hewala? Nilimsikia mimi."

Saida alicheka. Nami nilicheka, maana wakati huo nilijiona mwenyeji. Tulimweleza yule kijana wa watu, kwa zamu, kwamba huku kwetu hewala ina tabaka zake, kuna ya kusikia, kuna ya kukubali, kuna ya kukataa kwa adabu, na kwamba akikaa sana atazoea. Alisikiliza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hakukaa, alihamishiwa wilaya nyingine.

Mvua zikanyesha, maji yakapita juu ya mizizi ile yakateremka shambani kote.

Msimu uliofuata ukaanza kuugua mkorosho wa Zuberi, kisha wa Saida mwenyewe, kisha ile miwili midogo. Ikatoa maua kama kawaida, ikabeba, halafu ikakauka ikiwa imebeba. Korosho zilining'inia zimesinyaa juu ya matawi yasiyo na jani hata moja, ukizigusa zinaanguka. Saida aliziokota. Kila asubuhi nilimwona kupitia ua wangu amebeba ungo, akiokota vitu ambavyo hakuna mtu angevichukua. Hakulia. Alikuja kunywa chai na hakuitukana chai yangu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mwaka huu haukubaki hata mmoja ulio hai.

Darasani ninafundisha somo la maamuzi. Kitabu kina hatua zake: tambua tatizo, kusanya maoni, pima faida na hasara, shirikisha wahusika. Nimelifundisha tangu nilipoajiriwa na sasa linanitia kichefuchefu, maana Saida alizifuata hatua zote. Alitambua tatizo mapema, akamwita mtaalamu, akashirikisha kila mhusika hadi wa mjini. Kitabu hakisemi ufanye nini ikiwa wahusika wote wana adabu. Na hili si la Saida peke yake. Nimekaa kwenye mikutano ya kijiji kuhusu kisima, kuhusu choo cha shule, watu wazima wenye akili timamu wakiitikiana hewala mpaka jua linapinduka, kisha kila mtu anakwenda nyumbani kungoja mwenzake aanze. Kisima hatuna mpaka leo.

Baada ya Idi mjomba Hemedi alikuja kuliona shamba. Alikuwa hajafika siku nyingi kwa sababu ya magoti. Tulimtangulia mimi na Saida, yeye nyuma na fimbo yake, mpaka katikati, chini ya mkorosho wenye jina lake. Ulikuwa mweupe kwa ukavu, gome limeshaanza kubanduka. Alitazama huku na huku, pande zote, mpaka mwisho wa shamba.

"Ntoto," alimwambia Saida, "ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, mjomba."

"Mimi? Mimi si nilikujibu siku ileile, mbele ya bwana shamba? Nilisema hewala."

Saida aliuliza kwa sauti ndogo. "Hewala ya ndiyo?"

"Ya ndiyo. Nkorosho umekauka kichwa, ningekataa nini?" Mzee alipitisha kiganja juu ya shina. "Lakini jina langu, Saida. Sikuweza kutamka mwenyewe, 'Nikateni.' Nikasema hewala, nikawa nangoja kusikia shoka. Kila nikiamka natega sikio. Kimya. Nikasema basi, ntoto wa dada yangu ananionea huruma, hataki kuniangusha. Nikaona vibaya kukuharakisha."

Saida aliketi palepale juu ya majani makavu, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, akajifunika uso kwa khanga. Mzee akabaki amesimama, mkono kwenye shina, macho pembeni. Walikuwa wamependana mpaka wakamaliza shamba. Nilitamani kuwapiga wote wawili, na nilitamani kulia, nikalia. Nilimkumbuka Goodluck na kofia yake mkononi. Yeye peke yake ndiye aliyelielewa lile neno, kwa kuwa hakuwa anajua lolote.

Mwezi uliopita alikuja Salma, binti yake Saida. Ni fundi cherehani, amepanga vyumba viwili Chikongola, jirani na duka la mjomba wake Zuberi. Alilala siku mbili, akazunguka shamba mara moja tu. Kabla ya kuondoka alimkalisha mama yake uani kwangu ili niwe shahidi.

"Mama, hapa hakuna tena kitu," alisema. "Twende tukakae wote. Utanisaidia kushona vifungo, jioni tutapunga upepo ufukweni Shangani. Ukibaki hapa utaitazama hii miti mpaka ikumalize. Nakuomba."

Saida alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akasema, si kwa haraka wala si polepole, na macho hayakwenda pembeni wala hayakutulia.

"Hewala."

Salma akabusu mkono wa mama yake, akapanda gari akaenda kutayarisha chumba. Jioni nilimuuliza Saida waziwazi, kwa namna ambayo hapa ni utovu wa adabu. Nilimuuliza hewala ile ilikuwa ya ndiyo au ya hapana.

Alikizungusha kikombe mkononi. "Hata mimi sijui, Mwalimu," alisema. "Nimelisikia tu likitoka."

Jana Salma alinipigia simu. Alisema ameshanunua godoro, ameshatandika, na wiki zinapita. Mama akipigiwa anasalimia vizuri, anauliza hali ya cherehani, basi.

"Mwalimu, wewe uko naye hapo," alisema. "Ile hewala yake ni ipi? Nije nimchukue, au nitakuwa namlazimisha?"

Nilichungulia kupitia ua. Saida alikuwa chini ya mkorosho wa mjomba, anafagia. Nilimwambia Salma kwamba sijui.

"Aa," alisema. "Basi tusubiri."