Tarakimu Arobaini na Nane

Ezira wa Rubondo alikuwa bado anasonga ugali wa watu wawili. Huyo wa pili, Bienvenu, alipanda ndege kwenda Ulaya miaka mitatu iliyopita, lakini mkono wa Ezira haukutaka kujifunza. Kilichobaki alikila asubuhi, kimepoa, akiwa amesimama mlangoni.

Walitoka Fizi, Kongo, pamoja, na mtaani Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakaishi kama ndugu, maana ndugu wa tumbo moja hawakuwa nao tena. Hapa anayepata safari ya ng'ambo hugawa vitu vyake: godoro huku, kuku kule, madumu ya maji kwa jirani. Ezira alipewa kompyuta. "Yaya, ubaki nayo," Bienvenu alimwambia, kama kwao mdogo amwitavyo kaka yake, akapanda basi la kwenda uwanja wa ndege.

Ndani mlikuwa na nyimbo walizojirekodi Jumapili baada ya kanisa. Kwenye moja Ezira anapotea njia ya wimbo na Bienvenu anacheka hadi anakohoa. Mwanzoni Bienvenu alipiga simu kila wiki, kisha kila mwezi, kisha Noeli peke yake. Ezira hakumlaumu. Aliwasha kompyuta, akaitikia sauti ya pili. Tuseme ukweli: nyimbo zile ndizo zilikuwa watu wa nyumba yake.

Kompyuta ikazeeka, ikawa unaiwasha, unakwenda kuchota maji kwenye bomba, unarudi haijafunguka. Ezira, ambaye alitengeneza redio za watu na kujiona fundi, akasikia kwamba mfumo uitwao Linux huifanya mashine kuukuu iwe nyepesi, tena ni wa bure. Akaipata kwenye flashi. Akaingia katika ile programu ya ndani kabisa inayoiamsha mashine, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inamkatalia mgeni, akazima ulinzi wake. Ikamuuliza: funguo zilizohifadhiwa humu zifutwe?

Sasa, mkimbizi wa miaka mingi hajui kuikatalia skrini. Weka kidole: ndiyo. Umekubali masharti: ndiyo. Anayeuliza maswali, faili lake hulala. Ezira akabonyeza ndiyo.

Linux ikawaka vizuri, ila kadi ya intaneti haikuitambua, na diski yenye nyimbo ikabaki imefungwa. Akarudi kwenye mfumo wa zamani. Nao ukamdai tarakimu arobaini na nane ambazo hajawahi kuziona maishani.

Akaenda mjini Mbarara, kwa Umaru, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kakoba. Umaru akaigeuza, akaiwasha, akatikisa kichwa.

"Muzee, mashini haijakufa. Lakini ile funguo ya diski, wewe ndiyo ulifuta. Ingine iko kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Bila yeye, hata mimi siwezi."

"Mwenyewe iko mbali."

"Basi mpigie."

Akapiga, haikupokelewa. Akaacha ujumbe wa kuomba zile tarakimu. Siku tisa zikapita, na nyumba ikawa kimya hata akaanza kusema na jiko. Upweke ulimuuma waziwazi, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku ya kumi ikaingia picha: tarakimu zote, makundi manane, zinasomeka bila taabu. Hapakuwa na salamu. Ezira angeweza kuziingiza akamaliza shida yake. Alikaa na simu mkononi, kisha akapiga. Safari hii ikapokelewa.

"Bienvenu, ile foto haionekane muzuri. Unisomee."

"Yaya, niko mu kazi."

"Kidogo tu."

Bienvenu akavuta pumzi, akaanza. Ezira hakuandika kitu. Alifumba macho, akasikiliza namna anavyozitamka kwa lafudhi ya kwao, nyuma yake magari ya huko yakipita.

"Kundi ya tatu, rudilia."

Akarudia.

"Na ya tano. Sikusikia."

Akarudia ya tano, mara mbili. Kisha ya sita, ya saba, na ya nane, polepole, hadi hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Ezira akaikaza simu sikioni.

"Yaya Ezira," Bienvenu akasema, "ile foto, uko unaiona muzuri, ao?"

Ezira alifumbua macho. Aibu ilimpanda, mzee mzima.

Huko Ulaya mlango ulifungwa, na kelele za magari zikakatika.

"Basi usikilize," Bienvenu akasema. "Niko narudilia toka mwanzo."