Wastani Uliolala Nyumbani Kwangu

Nimefundisha wengi, na wengine nimeshawazika, lakini hadi leo nikipita Ipole huwa nainamisha kichwa kwa aibu ya siku ile, na kwa kuwa mmeniuliza tena, ngoja niseme, ingawa nimechoka kuisema.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mwalimu pekee wa shule ndogo ya misheni pale Ipole, darasa moja la watoto tisa. Msimu wa kurina asali ulikuwa unakaribia, na wazazi walitaka watoto wakawasaidie porini (mtoto akishazoea kambi ya asali, kumrudisha darasani ni kazi). Tukapatana kwamba nikiwaonyesha kuwa darasa limefaulu hesabu, yaani limefika arobaini kwa mia, watawaacha wasome.

Nikasahihisha. Wanne walipata ishirini ishirini, mmoja ishirini na tano, mmoja thelathini, mmoja thelathini na tano, kisha mmoja tisini na mmoja mia. Nikajumlisha zote, nikagawa kwa tisa, ikatoka arobaini kamili, nikapiga magoti kumshukuru Mungu. Ningemtazama kwanza mtoto wa katikati ya mstari, ukiwapanga kwa alama, mwenye ishirini na tano, au ile ishirini iliyojirudia kuliko alama zote, nisingekuwa na haraka ya kushukuru.

Jumapili baada ya ibada nikasimama mbele ya wazazi, nimevaa koti langu la harusi (joto lile, na koti), nikatangaza, "Wastani wa darasa ni arobaini. Watoto wenu wamefaulu." Wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele.

Mzee Mihayo, mrina asali, mtu wa maneno machache, akainuka.

"Tunashukuru, mwalimu. Basi waliofika arobaini wasimame tuwaone."

Wakasimama wawili: Nyamizi, binti yangu, na Kasoga, mdogo wake mke wangu, niliyekuwa nikimlea.

"Hao ni wa nani?" mzee akauliza, ingawa alijua.

"Wa kwangu, baba."

"Na hawa saba waliokaa?"

"Wa kwenu."

"Basi wastani huo unalala kwako, mwalimu. Kwetu haujapiga hata hodi."

Walicheka mpaka mwinjilisti akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mke wangu peke yake hakucheka (alicheka tulipofika nyumbani).

Jumatatu wale saba walikuwa porini. Msimu ulipokwisha wanne walirudi, namshukuru Mungu kwa hao, watatu hawakurudi. Tangu hapo sijautangaza wastani bila kusema kwanza mtoto wa katikati kapata ngapi, na wengi wao wamepata ngapi.

Msimu ule wote nilifundisha wawili wangu tu, mbele ya mabenchi matupu, na nilipowapa mtihani ule ule, wastani wa darasa ukapanda hadi tisini na tano. Sikumwambia mtu.