Mjumbe Mwenye Uzoefu

Mimi ni katibu wa kamati ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto kijijini kwetu, upande wa Makurunge. Mwaka jana tulibadilisha wajumbe, na muhtasari niliuandika mwenyewe.

Tulianza kwa dua, kama watu wastaarabu. Kisha tukamtoa nesi wa zahanati. Kosa lake lilikuwa kubwa: aliita polisi wakasimamisha ndoa ya binti wa darasa la sita, na pilau lilikuwa limeshaiva! Kuhusu binti hakuna aliyeuliza. Pilau ndilo lililotuuma, na mpaka leo watu wanalisimulia kama msiba.

"Huyu nesi hana mahusiano mazuri na jamii," alisema mwenyekiti. Nafasi yake akampa baba wa binti yule yule, akatueleza kwamba mzee ana uzoefu na kamati. Ni kweli. Hakuna mwingine aliyewahi kuitwa mbele yetu mara tatu.

Mjumbe mpya hakuchelewa kuchapa kazi. Alipendekeza sanduku la malalamiko ya watoto litolewe shuleni, likae barazani kwake, lisije likaibiwa. Tukanyoosha mikono wote, na wangu ukiwemo. Ufunguo anao yeye.

Tangu siku hiyo haijaingia hata karatasi moja. Mwenyekiti amefurahi sana, akaniagiza niandike kwamba ukatili kijijini kwetu umekwisha.

Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri.